Maumivu ya kichwa mlimani si uchovu wa safari tu

Na DAKTARI WETU

WAHENGA walisema mganga hajigangi. Mimi nitaongeza kwamba mganga akiwa safarini anaweza pia kushindwa kumganga mkewe aliyeketi kando yake garini.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2025, mimi na mke wangu tulikuwa Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani, tulikokwenda kumjulia hali shemeji yangu anayefanya kazi huko. Baada ya wiki mbili za kukaa na wenyeji wetu, tulikodi gari tukafunga safari ya siku sita kwenda Santa Fe, mji mkuu wa jimbo la New Mexico. Ni mji mdogo wenye wakazi wasiozidi laki moja, unaosifika kwa sanaa, na umekaa chini ya milima ya Sangre de Cristo.

Yalikuwa majira ya machipuko, wakati baridi inapokwisha na miti inapovaa majani mapya. Tulistarehe sana. Hata hivyo, nilikumbushwa kwa njia isiyopendeza jambo ambalo huwaambia wagonjwa wangu kila mara: mwili wa binadamu hauendi kwa kasi ya gari.

Kutoka bondeni hadi mlimani kwa siku moja

Sisi ni watu wa Mombasa, tumezoea hewa ya ufukweni. Dallas nayo iko chini, mita 130 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Santa Fe ni zaidi ya kilomita 1,000. Tulikuwa tumepanga kulala Amarillo, mji ulio katikati ya safari kwa mwinuko wa mita 1,100 hivi, ili tupumzike na kuendelea kesho yake.

Tulipofika Amarillo, jua lilikuwa bado juu. Nikamwambia mke wangu, "Tuendelee tu, tutalala huko huko." Hakuwa na la kusema. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Barabara ile haina kona za kutisha kama zile za kuteremka bonde la ufa. Nchi hupanda polepole hata dereva asihisi. Ukifika Santa Fe uko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu sawa na Eldoret. Mtu aliyezaliwa Eldoret hawezi kuona lolote geni. Lakini sisi tulikuwa tumeamka bondeni alfajiri, na kufikia saa mbili usiku tulikuwa mlimani.

Isitoshe, tulisimama mara mbili tu, tena kwa ajili ya petroli. Hilo nalo ni hatari. Mtu akikaa saa nyingi bila kunyoosha miguu, damu hutuama kwenye mishipa ya miguu na inaweza kuganda. Kipande cha damu hiyo kikisafiri hadi kwenye mapafu, kinaweza kuua. Dereva na abiria wanapaswa kusimama kila baada ya saa mbili, washuke na watembee dakika kumi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu, usiukande kwa mafuta, nenda hospitali.

Usiku ule mke wangu hakula. Alisema kichwa kinamuuma na tumbo limekataa chakula. Nikamwambia ni uchovu, na pengine ni ile pilipili ya New Mexico ambayo wenyeji huitia karibu kila sahani. Nikampa vidonge viwili vya kutuliza maumivu. Alilala kwa kushtuka-shtuka hadi asubuhi.

Hewa inapokuwa nyembamba

Wengi hudhani kwamba mlimani hakuna oksijeni ya kutosha kwa sababu sehemu yake katika hewa hupungua. Sivyo. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, iwe ni Lamu au kwenye kilele cha Mlima Kenya. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyembamba, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi.

Mjini Santa Fe mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo ya robo tatu ya ule wa ufukweni. Ukifika mita 3,000 na ushei, unashuka hadi kama theluthi mbili ya ule wa Mombasa.

Mwili una njia zake za kukabiliana na upungufu huo. Kwanza mtu huanza kupumua haraka na kwa kina zaidi, na moyo hupiga upesi. Kisha figo huanza kurekebisha hali ya damu, ndiyo maana mgeni wa milimani hukojoa mara nyingi. Baada ya siku na wiki kadhaa, chembechembe nyekundu za damu huongezeka. Kazi hii yote huhitaji muda. Usipoupa mwili muda huo, ndipo unapopata ugonjwa wa mlimani.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kukosa hamu ya chakula, uchovu na kizunguzungu. Mara nyingi huanza saa chache baada ya kuwasili, au baada ya kulala usiku wa kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1993, uliofanyiwa wageni zaidi ya 3,000 katika sehemu za mapumziko za milima ya Colorado, kati ya mita 1,900 na 2,900, ulionyesha kwamba mmoja kati ya wanne alipatwa na ugonjwa huo. Kwa hivyo si maradhi ya wapanda milima peke yao. Humpata pia mtalii aliyefika kwa gari akiwa amevaa viatu vya kanisani.

Haya yote niliyasoma chuoni na huyafafanua zahanatini. Lakini usiku ule sikuyakumbuka, kwa sababu nilikuwa na orodha ya mahali pa kwenda.

Mji uliofaidi kutokana na wagonjwa

Asubuhi mke wangu alisema yu nafuu. Tukaenda kwenye jumba la makumbusho la mchoraji Georgia O'Keeffe, lililofunguliwa mwaka wa 1997. Mama huyu alihamia New Mexico moja kwa moja mwaka wa 1949, akaichora milima, mifupa na makanisa ya udongo ya huko, na akafariki Santa Fe mwaka wa 1986 akiwa na umri wa miaka 98. Mke wangu aliketi kitini mbele ya picha moja kwa muda mrefu. Nilidhani imemvutia. Kumbe alikuwa amekaa kwa sababu kila akisimama, ukumbi ulimzunguka.

Kutoka hapo tulitembea hadi barabara ya Canyon, yenye makumi ya maduka na kumbi za sanaa zilizopangana pande zote mbili. Katika uwanja wa mji, chini ya baraza ya jumba la magavana wa zamani, mafundi wa makabila asilia huuza bangili na mikufu ya fedha iliyotiwa feruzi. Nyumba nyingi ni za udongo, au zimepakwa rangi ya udongo, pembe zake zikiwa za mviringo kama zilizofinyangwa kwa mkono.

Daktari yeyote atafurahia kujua kwamba sanaa na ujenzi wa Santa Fe ni deni la kifua kikuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na dawa ya ugonjwa huo. Robert Koch alikuwa amegundua kiini chake mwaka wa 1882, lakini kukijua si kukiua. Madaktari waliwaandikia wagonjwa hewa kavu ya mlimani, jua, chakula kizuri na mapumziko. Wagonjwa walilazwa kwenye vibaraza usiku na mchana, hata wakati wa baridi. Hospitali moja ya namna hiyo mjini Santa Fe iliitwa Sunmount.

Mwaka wa 1920 ilimpokea kijana mmoja aliyeitwa John Gaw Meem. Alipopata nafuu hakurudi kwao. Alijifunza usanifu wa majengo, akawa ndiye aliyeeneza ule mtindo wa kuta za udongo unaoutambulisha mji huo hadi leo. Mwaka huo huo alifika mchoraji Will Shuster, ambaye mapafu yake yaliharibiwa na gesi katika Vita Vikuu vya Kwanza na baadaye yakashikwa na kifua kikuu. Naye aliishi na kuchora hapo hadi uzeeni.

Je, hewa ya mlima iliwaponya? Yamkini mapumziko na chakula viliwasaidia wengine, na wengine walizikwa huko huko. Dawa ya kwanza ya kuua kiini chenyewe, streptomycin, iligunduliwa mwaka wa 1943, na baada ya hapo hospitali za jua na baridi zikaanza kufungwa. Leo mgonjwa wa kifua kikuu hahitaji mlima. Anahitaji kupimwa mapema na kumeza dawa zake kwa muda wote aliopangiwa, kwa kawaida miezi sita, na hapa kwetu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma.

Kosa la pili

Mchana ule, nikiwa nimefurahishwa na historia hiyo, nilisema twende tukaione theluji. Kutoka uwanja wa mji hadi mahali watu wanapoteleza kwenye theluji wakati wa baridi ni kilomita 25 tu. Lakini mahali hapo pako mita 3,150 juu ya usawa wa bahari. Yaani tulipanda mita 1,000 zaidi kwa muda usiofika saa nzima, na mwenzangu alikuwa bado na maumivu ya kichwa aliyokuwa akinificha ili asiniharibie safari.

Theluji ya mwisho ilikuwa imesalia chini ya miti. Mke wangu alishuka garini, akatembea kama hatua ishirini, akashika gari la watu na kutapika.

Aliponyanyua uso aliniambia, "Daktari, kama ningekuwa mgonjwa wako zahanatini, ungenipa vidonge viwili na kuniambia twende tukaone theluji?"

Sikuwa na jibu. Nilimtazama kwa mara ya kwanza tangu jana kama daktari anavyomtazama mgonjwa. Nikamwomba atembee juu ya mstari wa kuegeshea magari, kisigino mbele ya kidole. Mtu ambaye ubongo wake umeanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko huyumba kama mlevi. Yeye alitembea sawasawa. Nilimuuliza siku na mahali tulipo, akanijibu kwa ukali, na ukali huo ulinipa faraja. Hakuwa na kikohozi wala hakutweta alipokuwa ameketi, dalili ambazo zingeonyesha kwamba maji yanaingia kwenye mapafu.

Tuliteremka papo hapo. Tulipofika mjini kichwa kilikuwa kimepungua. Siku iliyofuata hatukwenda popote. Alikunywa maji na chai, akala supu, akalala. Siku ya tatu aliamka akiwa na njaa, akala mayai kwa pilipili ile ile niliyoisingizia.

Jambo moja zaidi. Mke wangu humeza tembe za presha za aina inayotoa maji mwilini. Mlimani mwili hupoteza maji zaidi kwa pumzi na kwa mkojo, na hewa yenyewe ni kavu. Mbali na hilo, presha ya watu wengi hupanda kidogo siku za kwanza. Nilikuwa na kipimo cha presha ndani ya sanduku, na sikukitoa hadi siku hiyo.

Barabara ya juu

Baada ya mapumziko hayo tulipita ile barabara ya juu inayokwenda Taos, kupitia vijiji vya milimani. Safari hii tulikwenda kwa mwendo wa mke wangu. Tulisimama Chimayó, kwenye kanisa dogo la udongo lililojengwa mnamo mwaka wa 1816. Kila mwaka katika Wiki Takatifu maelfu ya mahujaji huenda huko kwa miguu, wengine kutoka Albuquerque, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Ndani kuna kishimo chenye mchanga unaoaminika kuwa na baraka za uponyaji, na kando yake magongo yaliyoachwa na watu wanaosema walipona. Sikwenda kubishana na imani ya mtu. Ila niliona kwamba mahujaji wazee walitembea polepole, wakiongozana na vijana, na walipumzika kila walipochoka. Wao hawakuhitaji daktari kuwaeleza hilo.

Katika majira haya upepo hubeba chavua ya miti ya jamii moja na mutarakwa wetu. Wenye pumu na mafua ya mzio huteseka, kwa hivyo wasisahau dawa zao za kuvuta. Jua nalo huunguza zaidi, kwani nguvu ya miale yake huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hata kama unahisi baridi.

Panya na nyumba zilizofungwa

Wenyeji walikuwa bado wakizungumzia msiba uliotokea karibu na mji huo Februari mwaka wa 2025. Mwigizaji Gene Hackman na mkewe Betsy Arakawa walikutwa wamefariki nyumbani kwao. Uchunguzi ulionyesha kwamba mke alikufa kwanza, kwa virusi vya hanta. Mume, aliyekuwa na ugonjwa wa Alzheimer unaoharibu kumbukumbu, alikufa kwa maradhi ya moyo siku kadhaa baadaye.

Virusi hivyo vya eneo hilo vilitambuliwa mwaka wa 1993. Hubebwa na aina ya panya wa porini na mtu huambukizwa akivuta vumbi lenye mkojo au kinyesi chao. Hatari huwa kubwa wakati wa machipuko, watu wanapofungua na kufagia vibanda vilivyofungwa tangu baridi ianze. Ukikodi nyumba ya namna hiyo, fungua milango na madirisha kwa nusu saa. Usifagie kinyesi kikiwa kikavu. Kilowanishe kwa maji yaliyotiwa jiki, kisha ukifute ukiwa umevaa glavu.

Msiba huo una funzo jingine. Wawili wanapoishi au kusafiri peke yao, kila mmoja ndiye mlinzi wa mwenzake. Ni vyema awepo mtu wa tatu, ndugu au rafiki, atakayepiga simu kila siku na kushtuka asipojibiwa.

Wanaopaswa kujihadhari zaidi

Si lazima ufike New Mexico ili haya yakupate. Wako vijana wanaoondoka Mombasa au Kisumu na, baada ya siku chache tu, wanataka kusimama kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande sehemu zinazozidi mita 2,000 kabla ya kushauriana na daktari wake, kwa kuwa upungufu wa oksijeni huweza kumletea maumivu makali. Wale waliorithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambao ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwa kawaida hawapati shida. Hata hivyo, mara chache wengu wao huweza kudhurika milimani. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni sababu ya kuteremka na kwenda hospitali mara moja.

Wenye maradhi ya moyo au mapafu, presha isiyodhibitiwa, na akina mama wajawazito nao wamwone daktari kabla ya kuondoka.

Mambo ya kukumbuka

1. Kama unatoka ufukweni, lala usiku mmoja au miwili mahali pa katikati kabla ya kupanda zaidi.

2. Siku mbili za kwanza usifanye kazi ngumu, usinywe pombe na usimeze dawa za usingizi.

3. Kichwa kikikuuma mlimani, hesabu kwamba ni ugonjwa wa mlimani mpaka ithibitike vinginevyo. Usipande zaidi hadi kipone.

4. Ukipita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali unapolala leo na utakapolala kesho, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja.

5. Anayeyumba, anayechanganyikiwa, au anayetweta hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Usimwache ashuke peke yake.

6. Iko dawa ya kinga iitwayo acetazolamide. Haimfai kila mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa, kwa hivyo ipate kwa ushauri wa daktari.

7. Beba dawa zako kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi yenye majina na vipimo vyake. Kata bima ya matibabu kabla ya kwenda ng'ambo.

Tuliporudi, tulilala Amarillo kama tulivyopanga tangu mwanzo. Jua lilikuwa bado juu tulipofika, na mke wangu akaniuliza kama sitaki kuendelea mbele. Nikazima gari na kuteremsha mizigo.